Nyumba ya zamani Mtwara na Lindi: lipu inabanduka, bati linavuja, nyufa, mchwa na umeme wa mashaka

Malalamiko ya wanaokarabati nyumba za zamani huku kusini yanafanana. Lipu imepigwa mwaka jana, mwaka huu imedondoka. Rangi imepakwa mara mbili, doa limerudi palepale. Mara nyingi kilichotokea ni kimoja: maji yameingia mahali fulani, fundi akaziba yalipotokea badala ya kutafuta yanapoingilia. Kwa mwenye mfuko mdogo, hapo ndipo pesa inapoishia. Kwa hiyo kazi ianzie juu: paa kwanza, kisha maji ya nje ya nyumba, kisha kuta. Rangi ni ya mwisho kabisa, hata kama ndiyo majirani wanayoiona.

Jua kwanza nyumba yako imejengwa kwa nini. Nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, kwaruza ukuta kwa msumari mpaka upite rangi. Ukitoka unga mweupe au wa rangi ya maziwa, na msumari unazama kirahisi, hiyo ni chokaa, na nyuma yake kuna uwezekano mkubwa wa mawe ya matumbawe. Ndizo nyumba za Mikindani, Kilwa Kivinje na sehemu kongwe za Lindi mjini. Ukikuta kijivu na msumari unateleza, ni saruji. Chimba kidogo zaidi, kwa sababu wengi wamepiga saruji juu ya chokaa. Ukitoka udongo mwekundu na vipande vya fito, ni nyumba ya udongo iliyovalishwa lipu. Mtwara mjini, mji uliokua na bandari iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, utakutana zaidi na tofali za saruji.

Kama nyumba iko kwenye mji mkongwe, uliza halmashauri na watu wa Mambo ya Kale, wanaosimamia majengo ya kihistoria, kabla ya kubomoa ukuta, ngazi au mlango wa nakshi. Kuuliza ni bure, kurudisha ulichobomoa kuna gharama.

Kazi za ukuta zifanye kati ya Juni na Oktoba. Mvua za huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Pesa za korosho nazo zikianza kuingia, kila mtu anajenga na fundi mzuri hapatikani.

Lipu inabanduka chini ya ukuta, unga mweupe unatoka, rangi inavimba

Hili ndilo tatizo namba moja.

Chanzo kinachoongoza ni maji ya paa kudondokea mguuni mwa ukuta. Litazame mvua ikinyesha, maana kiangazi kinaficha. Ukuta wa nje ukiwa na madoa ya udongo uliorukia hadi sentimita 30 au 40, jibu umepata. Kisha linganisha ardhi ya nje na sakafu ya ndani. Nyumba ikikaa miongo kadhaa, mchanga wa kufagia, kifusi na taka huinua uwanja kidogokidogo, hata ukakuta nje ni juu kuliko ndani. Ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Iparue kwa upana wa mita 1, iteremke kwenda nje angalau sentimita 5. Ukianza kuona mawe ya msingi yaliyotokeza kuliko ukuta, acha kuchimba, kwa sababu misingi ya zamani mara nyingi haina kina.

Kama gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) haliko kwenye bajeti, chimba mfereji pale maji ya bati yanapodondokea, upana sentimita 30 na kina 20. Upe mteremko, ujaze kokoto. Hautapendeza sana lakini unafanya kazi. Usimwage zege kuubana ukuta wa mawe ya matumbawe pande zote: unyevu uliokuwa unatoka kupitia ardhi ya nje utapanda ukutani.

Cha pili ni lipu ya saruji na rangi ya mafuta juu ya ukuta wa chokaa. Nyumba hizi hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Zilijengwa ili unyevu upande kidogo, kisha utoke kupitia chokaa. Kuupiga ukuta huo saruji ni kumvalisha mtu koti la mvua juani: jasho halina pa kutokea. Unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na chumvi ikiganda inatanuka na kusukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole ukitoka chini kwenda juu. Mahali panapolia mvungu, lipu imeshaachana na ukuta hata kama kwa macho ni nzima. Ukibandua kipande, geuza mgongo wake utazame: utaona nywele nyeupe za chumvi, fupi, zimesimama kama sufu, na jiwe lililokuwa nyuma yake linapukutika kwa kidole.

Cha tatu ni mchanga wa pwani uliotumika kwenye lipu. Chukua kopo la mchanga unaotaka kununua, mimina maji safi, koroga, acha yatulie, kisha kausha kijiko kimoja cha maji hayo juu ya bati safi au sufuria. Likibaki doa jeupe nene, mrudishie mwenye lori. Rudia na maji matupu ya kisima chako, maana visima vya karibu na bahari navyo vina chumvi, usije ukausingizia mchanga bure.

Cha nne, bomba linalovuja ndani ya ukuta. Funga koki zote usiku, soma mita, soma tena asubuhi. Ikiwa imetembea, umempata mchawi.

Cha tano hakitokei sana ila kinasumbua: chumba kilichowahi kuwa ghala la chumvi au samaki wakavu. Ukuta umekunywa chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa hata kiangazi. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi ya utepe, kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa nzito, na dawa yake ni madirisha.

Matengenezo ya ukuta wa mawe ya matumbawe yanaanza chanzo kikishazibwa. Bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Tumia tindo na nyundo nyepesi, ukienda kwa ubavu. Ukipiga nyundo nzito utang'oa mawe. Sugua chumvi kwa brashi kavu, izoe na uitupe mbali. Usiioshe, kwa sababu maji yatairudisha ndani. Acha ukuta wazi wiki sita au zaidi, ukisugua kila chumvi inapotokeza.

Lipu ni chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo, mchanga wa mto ulio mkali na uliochekechwa. Chokaa ya mfuko ya dukani loweka kwenye pipa la plastiki iwe uji mzito. Usiku mmoja unatosha kwa shida, wiki mbili ni bora. Chokaa iliyokaa dukani muda mrefu hufa. Ipime kwa kukanda kitumbua kidogo cha chokaa na mchanga, kiweke kivulini wiki moja ukikinyunyizia. Kikivunjika kuwa unga kati ya vidole, usiitumie.

Kwa ukuta wa mita 3 kwa urefu wa mita 1.2 kwenda juu, lipu ya milimita 25 pamoja na ya kujazia mashimo, andaa ndoo 6 za lita 20 za mchanga na ndoo 2 za chokaa iliyolowekwa. Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka la milimita 10 hadi 12, lisizidi, maana lipu nene ya chokaa hupasuka na kuteleza. Tundika magunia yenye maji mbele yake, nyunyizia asubuhi, mchana na jioni kwa siku tano hadi saba, kisha piga la pili. Wanaoshindwa na chokaa wengi wao hushindwa hapa: jua limeikausha kabla haijashika, wakasema chokaa haina nguvu.

Ukuta uliokuwa na chumvi nyingi upige kwanza lipu dhaifu, chokaa 1 kwa mchanga 4, ukijua utaibandua baada ya miezi sita. Itakunywa chumvi na kuondoka nayo. Kumalizia, paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono. Usitie chumvi ili ishike, hata kama mtaani wanafanya hivyo. Hiyo ndiyo uliyotoka kuiondoa.

Nyumba ya tofali za saruji haihitaji chokaa. Saruji 1 kwa mchanga safi 6 inatosha, mradi maji ya nje yameshughulikiwa.

Tahadhari: chokaa inachoma macho. Vaa miwani na glovu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Kama ni chokaa mbichi kutoka tanuru, tia chokaa kwenye maji kidogokidogo. Usimwagie maji juu ya chokaa, kwa sababu huchemka na kuruka.

Simama, ita fundi mwashi mzoefu wa mawe, ikiwa ukuta umetoka tumbo, mawe yanachomoka kwa mkono, au ukichokoa unasikia mchanga ukimwagika ndani. Kiini cha ukuta kimeoshwa, na lipu ulilotaka kulibandua huenda ndilo limeushikilia.

Paa linavuja

Doa la darini halikwambii tundu lilipo. Maji hutembea juu ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) hata mita mbili kabla ya kudondoka. Ingia darini mchana, zima taa, subiri macho yazoee giza. Kila nyota unayoiona ni tundu. Pitisha waya mwembamba kutoka chini ili aliye juu alione.

Wa kwanza kulaumiwa ni msumari. Mbao hukauka, joto la mchana hulitanua bati, usiku linasinyaa, na msumari unainuka kila siku kidogo. Ukiutazama kwa karibu unakuta umepanda milimita tatu au nne, mpira wa chini yake umekuwa mgumu na kupasuka, na kuzunguka tundu kuna duara la kutu lenye mkia mwekundu unaoshuka na bonde la bati. Usiugonge tena palepale. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene zaidi, juu ya mgongo wa bati, si bondeni.

Baada ya msumari angalia mapishano. Kwa upande, bati lipishane migongo miwili ikiwa nyumba inatazama bahari. Kwa urefu, sentimita 15, na paa likiwa la kulala zaidi, 20. Kisha kofia ya juu, kisha bonde pale mapaa mawili yanapokutana, ambapo majani ya mwembe huziba na maji yakarudi nyuma. Mwisho ni kutu ya bati lenyewe. Lami ya kupaka na kitambaa inakuvusha msimu mmoja au miwili, basi. Kama pesa inatosha upande mmoja tu, badili unaopigwa na upepo wa bahari. Nunua geji 28 badala ya 30, maana namba ikiwa ndogo bati ni nene. Bati jembamba ukanda huu ni kununua mara mbili.

Ukiwa huko juu, kagua jinsi kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilivyofungwa ukutani. Pwani hii imepigwa na kimbunga Aprili 1952 kilichoingia Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapita na upepo na mafuriko. Kenchi iliyoshikwa na msumari mmoja wa mshazari haijafungwa. Zungushia ukanda wa chuma au waya mnene uliosokotwa, ushuke ukutani mistari mitatu ya tofali.

Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, ndipo papi zilipo. Na kabla ya kugusa chochote, hakikisha paa si asbesto: ni shiti za kijivu, nene kama milimita 6, hazishiki kutu wala sumaku, na zipo kwenye baadhi ya majengo ya zamani ya serikali na mashirika. Usizitoboe, usizikate, usizisugue zikiwa kavu. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Zikiwa nzima ziache. Zikihitaji kuondolewa, uliza mamlaka ya mazingira ya taifa au halmashauri kwanza.

Nyufa

Jaribu kupitisha kadi ya benki, ambayo unene wake haufiki milimita 1. Isipopenya, mara nyingi ni lipu tu iliyokauka haraka. Ziba, paka, endelea na maisha.

Ikipenya, tazama ufa unaelekea wapi. Wa mshazari kutoka kona ya dirisha: linta (boriti ya juu ya dirisha au mlango) dhaifu au hakuna, au msingi umeshuka upande mmoja kwa sababu maji ya paa yamelowesha kona hiyo miaka yote (rudi kwenye mfereji wa kokoto). Wa kulala, wenye doa la kutu, juu ya dirisha au mlango: nondo ya linta imeoza. Wa kusimama pale chumba cha kuongezea kinapoungana na nyumba ya zamani: misingi miwili tofauti, na utarudi kila mwaka. Achana na kuziba kwa saruji, acha pengo na ulifunike kwa ubao.

Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji pande zote mbili, andika tarehe. Kioo kikivunjika ndani ya msimu wa mvua, ukuta bado unatembea, na kuziba sasa ni kupoteza. Kisipovunjika, ziba. Kwenye mawe, tumia chokaa, mchanga na vipande vya mawe vilivyogongomelewa ndani, si saruji tupu.

Mche wa mtini ukiota ukutani usiung'oe kwa nguvu, mizizi imeshikana na mawe. Ukate, uue kisiki kwa dawa ya magugu, subiri ukauke, ndipo ufungue na kujenga upya.

Simama ikiwa kidole kidogo kinaingia kwenye ufa, upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, au milango iliyokuwa ikifunga imeanza kukwama. Hapo ni mhandisi.

Zege la linta au baraza linadondoka, nondo zinaonekana

Chumvi ya bahari imefika kwenye chuma, kwa sababu zege lililoifunika ni jembamba au lilichanganywa na mchanga wa pwani. Kuifunika kwa lipu hakusaidii, kutu inaendelea ndani. Weka mirunda ya kushikilia kabla ya kugonga. Toa zege lote bovu mpaka nyuma ya nondo pawe na nafasi ya sentimita 2, sugua hadi chuma king'ae, paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza saruji 1 kwa mchanga 3, tabaka kwa tabaka, unene wa kufunika usipungue milimita 25. Ifunike na kuimwagilia siku saba. Nondo iliyoliwa robo ya unene wake, au boriti ya zege inayobeba ghorofa, si kazi yako.

Sakafu ya juu inabonyea, mbao zinaliwa

Nyumba za ghorofa za mawe hubebwa na boriti za mikoko zilizoingia ukutani pande mbili. Katikati boriti huwa nzima, huoza ncha zilizo ndani ya ukuta wenye unyevu. Choma kwa bisibisi pale boriti inapoingia. Ikizama sentimita 1 bila kubishana, imeoza. Toa watu na vitu juu, weka mirunda chini, ita fundi. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo uliza boriti yenye karatasi zake.

Kama ni wadudu, tofautisha. Mchwa hupita kwenye njia ya udongo ukutani, na mbao huwa na udongo ndani. Fukusi huacha vitundu vya duara na unga mkavu chini. Vunja kipande cha njia ya mchwa, rudi baada ya siku tatu. Ikijengwa upya, wapo. Chanzo cha kwanza ni mbao au fremu kugusa ardhi, cha pili rundo la mbao na maboksi lililoegemezwa ukutani, cha tatu ufa wa sakafu. Ondoa hayo kwanza, ndipo umwage dawa ya mchwa kwenye mfereji mdogo kuzunguka msingi, kwa kipimo cha lebo. Karibu na kisima usimwage. Oili chafu ya gari inayopendwa na wengi inawaka moto, inachafua maji, na ikishaingia kwenye chokaa hakuna rangi itakayoshika.

Breka inakata, swichi zinalia, ukuta unapiga shoti

Hapa ukaguzi wako ni mfupi. Chomoa kila kitu, zima breka zote ndogo, washa moja moja. Inayoangusha kubwa ndiyo yenye shida. Ichomekee kifaa kimoja kimoja, huenda kosa ni la pasi. Zaidi ya hapo, vyanzo vya kawaida ni waya uliofungwa kwa utepe mtupu ndani ya ukuta wenye unyevu, soketi zilizoliwa na chumvi, waya mwembamba wa taa (milimita za mraba 1.5) uliounganishwa kwenye soketi badala ya 2.5, na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) isiyokuwepo au iliyooza.

Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukipigwa na bomba au ukuta, au ngozi ya waya ikipukutika ukiukunja, zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mwombe aweke pia breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Mita na waya unaotoka nguzoni ni vya TANESCO, usivifungue.

Choo kinarudisha maji

Mara nyingi bomba limeziba kwenye kona ya kwanza nje ya nyumba. Fungua chemba (kishimo cha ukaguzi wa bomba chenye mfuniko), na ikiwa kavu wakati choo kimejaa, kizuizi kiko kati. Ikiwa imejaa, shimo limejaa au mizizi imeingia. Vuta kwa gari la maji taka. Usiingie shimoni, hata dakika moja, hata ukiwa umefungwa kamba, na usimtume kijana aingie: hewa ya humo inaweza kuua bila harufu kukuonya, na anayemfuata kumwokoa hufa pia. Mifuniko ya mashimo ya zamani huwa na nondo zilizooza, kwa hiyo zungushia uzio kabla watoto hawajaanza kuchezea juu yake.